Sikio la Kushoto

Kazi ya kutega huanza jua likishaishiwa na ukali. Ukitega mchana, mnyama atakaangika ndani ya bati kabla hujamfikia. Kwa hiyo jioni ile, kama jioni nyingine zote, mimi na Hemedi tulikuwa vichakani nje kidogo ya Ikutha, yeye amebeba mitego, mimi nimebeba debe la chambo. Chambo chetu ni siagi ya karanga iliyokorogwa na shayiri. Kilinukia vizuri kuliko supu ambayo Hemedi alitupikia jana yake, na nilimwambia hivyo.

"Basi kula hiyo," alisema. "Mimi ntapikia watu wenye shukrani."

Hemedi ni mtu wa Kitui mjini. Babu yake alitoka Pwani na biashara ya nguo akaoa huku, na yeye mwenyewe anaongea Kikamba vizuri kuliko mimi. Ni dereva wa mradi na msaidizi mwenzangu. Mimi naitwa Wavinya, na kazi yangu ni kushika wanyama wadogo wa porini, kuwapima, kuwatia alama na kuwaachilia. Mradi ulikuwa wa sange. Kama humjui sange, ni kiumbe cha kutosha kiganjani, pua ndefu inayochezacheza, miguu ya nyuma ya kuruka. Hujitengenezea vijia vyake kwenye nyasi na kuvifagia kila siku. Jani likianguka, analiondoa. Mimi nawapenda sana. Nalisema mapema, usije ukadhani niliwachukia tangu mwanzo.

Mstari wetu wa mwisho wa mitego ulipita ndani ya ithembo, kile kichaka kizito ambamo wazee wa zamani walikuwa wakitolea sadaka. Hata leo hakuna anayekata kuni humo, ingawa sisi wenyeji ni watu wa kanisa. Tulikuwa na ruhusa ya chifu, na ya idara ya wanyamapori, na ya wenye mashamba. Mchungaji wetu alicheka nilipomwuliza. "Hapo hakuna kitu, sista. Ni miti tu." Nami nilikubali. Mimi ni mtu wa sayansi, tena nilikuwa mwimbaji wa kwaya.

Siku chache kabla ya jioni hiyo, hereni zetu ziliisha. Hizi ni vipande vidogo vya chuma vyenye namba, tunavyombana navyo mnyama sikioni. Daktari Nyamai, mkuu wetu aliyeko Nairobi, alisema kwa simu tusisimamishe kazi. Tukate pengo dogo sikioni, alisema, tuchague alama moja tu ya kundi hili, mpaka hereni zifike.

Basi tukakata. Unammimina sange kutoka mtegoni hadi kwenye mfuko wa kitambaa. Unamtafuta kwa vidole, unamshika ngozi ya shingo, halafu unakunja mfuko nyuma polepole mpaka kichwa kitokee. Moyo wake unapiga hadi unausikia kwenye kidole gumba. Sikio ni jembamba kama ganda la kitunguu. Nilipangusa mkasi kwa spiriti, na mkono wangu haukungoja kufikiri.

Babu yangu, umau Ndululu, alikuwa na mbuzi wengi, na utotoni mimi ndiye niliyemshikia akiwatia alama ya nyumba yetu. Sikio la kushoto. Ncha inapasuliwa katikati, na pengo dogo linakatwa kwa chini. Kila nyumba ilikuwa na yake. Mbuzi angepotea hata avuke mto aingie Makueni, mtu angetazama sikio na kusema, huyu ni wa Ndululu, mrudisheni.

"Hiyo design umetoa wapi?" Hemedi aliniuliza.

"Ya kwetu."

Akacheka. "Sasa hawa wote ni mbuzi za babu yako. Krismasi mtachinja."

Tulicheka sana. Tukamaliza kundi zima la ithembo kwa alama hiyo.

Halafu ikafika asubuhi ya siku ninayoisimulia. Kila mtego wa ithembo ulikuwa umefungwa. Kila mmoja. Mtu yeyote wa kazi hii atakuambia jambo hilo halipatikani. Na ndani ya kila mtego alikuwemo sange mwenye alama yetu. Kwa kawaida sange akikamatwa hupiga mguu chini kwa hasira… trrr… trrr… Hawa walikaa kimya mkononi mwangu, kama mbuzi aliyezoea kukamuliwa.

Kwa hiyo jioni hiyo sikuwa na raha. Niliweka chambo haraka haraka, nikitaka tumalize tuondoke. Hemedi alikuwa hatua kadhaa nyuma yangu. Ndipo harufu ilipokuja.

Harufu ya beberu. Nzito, ya zizi.

"Kuna mbuzi hapa?" Hemedi aliuliza.

Hakukuwa na mbuzi. Kisha tukasikia mluzi wa chini, ule wa kurudisha mifugo njiani. Fyuu… fyuu… Ulitoka ndani, kwenye miti.

Mtu akatokea. Alikuja kwa kijia cha sange. Kijia chenyewe upana wake ni kiganja, na yeye alikuwa mtu mzima, mrefu, amevaa koti refu la rangi ya vumbi. Alikanyaga humo bila kukunja jani moja. Mkononi alikuwa na fimbo iliyong'aa kwa kushikwa miaka mingi.

"Wakya," alinisalimu, kama mkubwa anavyomsalimu mdogo.

"Aa," nikaitika. Adabu ni adabu.

Akafungua kiganja kingine. Sange alikuwa humo, ametulia.

"Hii alama ni ya nani?" Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu asiyeongea na watu.

"Ya umau. Ndululu."

"Yeye ako?"

"Alishafariki."

"Na kwa boma yake amebaki nani mwanaume?"

Ni swali ambalo wazee huuliza kila siku huku kwetu, wakitaka kujua wewe ni wa nani. Nikajibu. "Kuna kaka yangu. Mutunga."

"Mutunga…" Alilitaja polepole. Kisha akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa maji kutoka kisimani. "Nimekaa sana," alinong'ona. "Sana… Sasa mwenyewe amepatikana."

Akamweka sange chini. Akalaza fimbo miguuni pangu. Akaondoka kuelekea bondeni bila kugeuka, na harufu haikuondoka naye.

Hemedi alinishika mkono.

"Wavinya. Angalia nyasi."

Yule mtu alikuwa ameshapotea. Lakini nyasi zilikuwa zikitikisika kutuzunguka, chini chini, pande zote.

Kundi lilikuwa limebaki.

Tuliacha mitego, tukaacha fimbo, tukakimbilia gari. Tulikuwa tumepanga nyumbani kwa Susu, nyanya yetu, kwa hiyo hatukwenda mbali. Tulimkuta jikoni, na Mutunga amekaa kwenye kigoda anakula muthokoi wa mahindi na maharagwe.

Mutunga ndiye mdogo wangu wa pekee. Mama alipofariki alikuwa bado hajaota meno yote, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni wangu. Sasa ni fundi wa matairi huko Salama, kando ya barabara kuu, na alikuwa amekuja kumsaidia Susu kuvuna ndengu. Ni mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Nilipomwona pale, mzima, anatafuna, nilitamani kulia.

Akaacha kutafuna. Akainua kichwa.

"Mbuzi ziko nje," alisema.

"Ziko kwa zizi," Susu akamjibu. "Kula."

"Si hizo."

Akasimama, akatoka. Nilidhani anakwenda haja. Nilipomfuata mlangoni, alikuwa tayari amefika mwisho wa uwanja, anapiga mluzi.

Fyuu… fyuu…

Na mkononi alikuwa na ile fimbo.

Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Tulimtafuta kwa tochi, majirani wakaja, na mbele yetu kila mara tulisikia mluzi, ng'ambo ya kichaka kinachofuata. Kulipopambazuka tulimkuta ndani ya ithembo. Alikuwa amechuchumaa juu ya kijia cha sange, anaondoa majani kwa mkono, moja moja. Miguu yake ilikuwa imejaa miiba na hakuijali.

"Mutunga, unafanya nini?"

Alinitazama kama mtu anayekatizwa kazi. "Zinajikwaa," alisema.

Mchana alirudi kuwa yeye, amechoka, anauliza ni nani alimchoma miiba. Jioni ikifika, anaanza kugeuzageuza shingo. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa, wakamwekea mikono, na Mutunga akasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Jua lilipogusa kilima, alinyanyuka katikati ya wimbo, akatoka.

Nilimwendea Susu. Alikuwa akipepeta ndengu na hakutaka kusimama.

"Ulikata alama ya mzee kwa wanyama ya ithembo," alisema. Hemedi alikuwa amemwambia. "Mtu wa huku, amezaliwa huku, amesoma. Kuuliza si ujinga, Wavinya."

"Nilikuwa natafuta alama tu, Susu."

"Hakuna alama tu. Ukimkata mnyama sikio, ni wako. Na mwenye mifugo ndiye analala nje."

"Na yule mtu?"

Akapuliza makapi. "Kulikuwa na mmoja ya zamani sana, alisemekana aliiba kwa ithembo. Wengine wanasema alilaaniwa, wengine wanasema ni uoi, uchawi, alifanyiwa na watu. Mimi nilipigwa nikiuliza. Sijui."

"Tutaitupaje hiyo mali?"

"Mali haitupwi," Susu alisema. "Inatoka kwa mtu ikichukuliwa na mtu."

Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa na akili yangu mwenyewe: nimtoe hapo. Tulimpakia Mutunga garini mchana, tukamrudisha Salama kwenye kazi yake, kwenye taa na malori na watu. Huko kutakuwa mbali. Njiani alicheka, akamtania Hemedi kwa uendeshaji wake, akanunua machungwa. Nilimshukuru Mungu mapema mno.

Tulifika jua linazama. Salama ilikuwa na kelele zake, moshi wa nyama, honi, wauza maji wakikimbilia madirisha ya mabasi. Tulikuwa tumesimama mbele ya kibanda chake cha matairi. Mutunga alikuwa akinimenyea chungwa.

Mkono wake ukasimama.

"Zimefika," alisema.

Nikatazama alikotazama. Ng'ambo ya lami, kwenye ukingo wa mtaro, taa za lori ziliangaza macho madogo. Mengi. Yamejipanga.

Beberu… nilimnusa hata katikati ya ule moshi wa dizeli.

Mutunga akaingia barabarani.

Hemedi aliruka, akamkamata shati. Shati likapasuka. Akamkamata tena, kiunoni, na lori likapita na upepo wake ukawaangusha wote wawili kwenye kokoto. Nilipiga kelele ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Nilifika nikamshika mdogo wangu usoni kwa mikono miwili, nikimtafuta damu. Alikuwa amekasirika.

"Sista, moja ingekanyagwa," alisema.

Hapo ndipo nilipojua atakufa. Si kwa ugonjwa wala kwa pepo. Atagongwa, jioni moja, akirudisha mnyama wa kutosha kiganjani, kwa sababu mimi nilimkata mnyama huyo sikio, nikamtaja mdogo wangu kwa jina.

Tulimfungia kwenye stoo ya matairi. Mwenzake wa kazi, Musyimi, akakubali kukaa mlangoni, na Hemedi akalala naye hapo. Mimi sikulala. Siku iliyofuata mimi na Hemedi tukarudi Ikutha, Musyimi akabaki mlangoni kumlinda.

"Tukate hiyo masikio yote," Hemedi alisema tukiwa njiani. "Iishe kabisa. Alama isionekane."

"Mbuzi bila sikio bado ako na mwenyewe," nikamjibu.

Maneno ya Susu yalikuwa yamenirudia. Umau alipomuuza mbuzi, aliyenunua alikata alama yake kwenye sikio la pili, na hapo habari ikaisha. Wasichana hawakupewa alama. Sikuwa na yangu. Nilikaa garini nikiangalia mkasi mapajani, na niseme wazi niliogopa. Mimi si shujaa. Lakini lisilobudi hutendwa, na yule mtoto nilimbeba mgongoni.

Tulifika ithembo jioni. Hatukuhitaji chambo. Mitego tuliyoiacha wazi ilikuwa imejaa, na wasiopata mtego walikuwa wamekaa vijiani, mmoja nyuma ya mwingine, wanangoja.

Hemedi alishika mfuko. Midomo yake ilisoma dua bila kupumzika, na safari hii hakunitania. Nilimtoa wa kwanza. Sikio la kushoto nililiacha. Nikashika la kulia, nikakata mkato mmoja ulionyooka.

"Huyu ni wa Wavinya," nikasema.

Nikamwachilia. Hakukimbia. Alikaa kando ya kiatu changu.

Wa pili. "Huyu ni wa Wavinya."

Wa tatu…

Harufu ilipanda mpaka macho yakatoa machozi. Mahali fulani nyuma ya miti, mtu alikuwa amesimama. Sikumwona. Nilimsikia akivuta pumzi kila nilipokata, kama anayetaka kusema neno na kuliacha. Hemedi naye alimsikia, maana dua yake sasa ilitoka kwa sauti. Niliendelea. Giza lilikuwa linaingia nilipomshika wa mwisho, jike mzee mwenye mimba, na moyo wake ulipiga taratibu kabisa kwenye kidole changu.

"Huyu ni wa Wavinya."

Simu ya Hemedi ikalia. Ilikuwa Musyimi, kutoka Salama.

"Huyu jamaa alikuwa anapiga mlango vibaya," alisema. "Sahi amenyamaza. Nimefungua… amelala tu hapo kwa matairi. Anakoroma."

Hemedi alianza kucheka na kulia pamoja. Nilitaka kucheka naye. Lakini nilikuwa nimegeuza shingo, bila kutaka, kuelekea bondeni, kwa sababu wawili walikuwa wamejitenga na kundi, na nilijua walipo.

Nilijua kila mmoja alipo.

Mutunga alipona. Hajui kitu, anakumbuka homa tu. Alioa, na juzi amepata mtoto wa kiume. Alinipigia simu kwa kile kicheko chake. "Sista, tumemwita Ndululu. Unakuja kumwona lini? Ama umekuwa mkubwa, hata sisi hutujui?"

Nilimwambia kazi ni nyingi. Ningemwambia nini? Nikienda, nitakwenda nao, na barabara ni ile ile.

Mradi umehamia Kanyangi sasa. Nilidhani umbali utasaidia, kisha asubuhi ya kwanza kabisa, kwenye mtego wa kwanza, nikamkuta sange mwenye masikio yote mawili yaliyokatwa. Nilimwachilia kabla mtu hajaona. Mchana mimi ni mzima. Jioni siwezi kukaa ndani ya nyumba. Kwaya niliacha, maana mazoezi ni jioni. Wenye nyumba wamenihamisha mara kadhaa kwa sababu ya harufu, wakidhani nafuga. Nyayo zangu zimekuwa ngumu, miiba haiingii tena. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi niliubeba wa mdogo wangu nikidhani mapenzi yataufanya mwepesi. Si mwepesi. Nimechoka. Nimechoka kiasi kwamba yule mtu wa koti simwogopi tena, namwelewa.

Hemedi aliomba kazi ya ofisini, na simlaumu. Mahali pake ameletwa Kasiva, msichana wa Makueni, mkono wake mwepesi na hodari, anaimba huku akitega. Ana kaka zake nyumbani, anawasifu sana. Jana jioni alinijia na mkasi mkononi, akaniambia hereni zimeisha.

Hazijaisha. Sanduku jipya liko chini ya kiti cha gari. Nimelifunika kwa gunia.

"Sasa tutawatia alama na nini, dada Wavinya?" aliuliza.

Jua lilikuwa linakwenda. Nyuma yake nyasi zilikuwa zimeanza kutikisika, na yeye hakuziona.

"Tutakata sikio," nikamwambia. "Kwani kwenu mbuzi mlikuwa mnakata alama gani?"

Kasiva alifikiri kidogo. Kisha akachuchumaa, akaokota kijiti, akaanza kunichorea mchangani.